Pesa ya "fursa" ya mtandaoni inatoka mfukoni mwa nani?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, fursa hubadilishwa jina kila baada ya muda mfupi. Leo ni uwakala wa matangazo, kesho ni roboti ya kununua na kuuza fedha za kigeni, keshokutwa ni kozi ya masoko ya mtandaoni inayouzwa elfu hamsini na mtu ambaye hajawahi kuuza kitu kingine zaidi ya kozi hiyo. Hesabu ya ndani ni ileile. Kwa hiyo ukitaka kujilinda usianze na jina la kampuni, na usianze na sura ya aliyekuletea, maana mara nyingi ni shemeji yako au mwenzako wa kikoba, na yeye mwenyewe anaamini anachokisema. Anza na swali moja: shilingi nitakayolipwa inatoka mfukoni mwa nani?

Biashara halali hulijibu swali hilo kwa sentensi moja. Muuza viatu wa Kariakoo anayetangaza Instagram analipwa na anayevaa kiatu. Mpiga picha wa Sinza analipwa na wenye harusi. Anayetangaza bidhaa za wengine kwa kamisheni anapata sehemu ya bei aliyolipa mnunuzi. Mnunuzi asipopatikana, kamisheni hakuna. Ukiuliza kwenye fursa ya uongo utapewa maelezo marefu: kampuni iko nje, ina mikataba na mitandao mikubwa, ina akili bandia inayokokotoa masoko usiku na mchana. Chambua maelezo hayo, utabaki na chanzo kimoja: viingilio vya watu wanaokuja nyuma yako. Huo ni upatu, na Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inauhesabu kuwa kosa la jinai.

Sisemi mchezo wa kina mama wa mtaani, ambapo watu kumi wanaofahamiana wanachanga elfu ishirini kila wiki na kila mmoja anapokea kwa zamu. Pale hakuna aliyeahidiwa kupokea zaidi ya alichochanga, na hakuna anayelazimika kutafuta watu ili alipwe.

Hesabu ambayo mwenye mpango anaijua

Chukua mpango wa kawaida: unaweka 100,000, unalipwa 5,000 kila siku kwa siku 40, mwisho umepata 200,000. Kwa siku 20 za mwanzo kila unachotoa ni pesa yako mwenyewe inarudi kidogokidogo. Hujapata faida hata ya shilingi moja, ingawa kwenye simu unaona "mapato".

Sasa kaa upande wa mwenye mpango. Wameingia watu 1,000, amekusanya milioni 100. Kila siku anadaiwa milioni 5. Asipoingia mtu mpya, pesa yote inaisha siku ya 20. Akiwa anatoa asilimia 10 kwa kila aliyemleta mwenzake, amebaki na milioni 90, na siku zimekuwa 18. Bado hajachukua chake. Ili awamalizie hao 1,000 anahitaji 1,000 wengine, na ili awalipe wote hao 2,000 anahitaji 2,000 zaidi. Kwa hiyo siku ya kuzima mfumo haimjii kwa bahati mbaya. Anaiangalia kwenye vitabu vyake: siku ambayo wanaoingia wanapungua kuliko wanaodai, anafunga, kwa sababu kila siku anayochelewa inakula alichokwisha kukusanya.

Hesabu ya kuleta watu ni mbaya zaidi. Tuseme kila mtu analeta watano. Daraja la kwanza watu 5, la pili 25, la tatu 125. Daraja la kumi peke yake linahitaji watu 9,765,625, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Ukijumlisha madaraja yote mpaka la kumi na moja unapata milioni 61, karibu sawa na Watanzania wote waliohesabiwa mwaka huo, vichanga wakiwemo. Na mpango ukisimama kwenye daraja lolote lile, takriban watu wanne kati ya kila watano wanakuwa kwenye daraja la chini kabisa, lile ambalo halijaleta mtu. Wanaopoteza ni wengi tangu siku ya kwanza, hata kama mwenye mpango angekuwa mwaminifu kabisa.

Linganisha pia na pesa inayolipa kweli. Hatifungani za muda mrefu za Serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, zimekuwa zikitoa takriban asilimia 12 hadi 16 kwa mwaka. Anayekuahidi asilimia 5 kwa siku anakuahidi kwa siku tatu kile ambacho Serikali inalipa kwa mwaka. Mtu mwenye njia ya namna hiyo hahitaji laki yako. Angekopa benki kwa riba yoyote ile, na ndani ya mwezi angekuwa amemaliza deni.

Hayo hayakuzaliwa na intaneti. Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45 akidai anafanya biashara ya kuponi za posta. Aliwalipa wa mwanzo kwa pesa za waliofuata mpaka zikaisha. Hapa kwetu wengi wanaikumbuka DECI, mpango uliokusanya pesa za watu kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Iliposimamishwa mwaka 2009, viongozi wake walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa mashtaka ya kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Shika hilo shtaka la pili. Kupokea pesa za watu kwa ahadi ya kuzirudisha na faida ni shughuli yenye leseni yake, na leseni hiyo haitolewi kwenye kundi la Telegram.

Kazi ya kubonyeza laiki

Aina hii nitaikalia zaidi kwa sababu inawapata vijana waliomaliza chuo na wanatafuta kazi kwelikweli.

Inaanza na ujumbe kutoka namba ngeni, mara nyingi ya nje: kazi ya muda, ufanyie nyumbani, unahitaji simu na bando tu. Unatumiwa video tatu uzibonyeze laiki, upige skrinishoti, utume. Dakika kumi baadaye elfu mbili au tatu inaingia kweli kwenye simu. Hiyo ni gharama yao ya matangazo, kama wewe unavyolipia tangazo Instagram. Unaingizwa kwenye kundi lenye watu wengi wanaoshukuru na kuonyesha miamala. Sehemu kubwa ya hao "wenzako" ni laini za watu walewale wawili au watatu.

Siku ya pili au ya tatu zinakuja ngazi: ukilipia elfu thelathini unapata kazi za malipo makubwa zaidi, ukilipia laki unapanda tena. Hapo ndipo swali letu linapofanya kazi. Mwajiri anamlipa mfanyakazi. Mfanyakazi anayemlipa mwajiri ili apewe kazi ameshakuwa mteja, na bidhaa aliyonunua haipo. YouTube wenyewe hawamlipi mtu kwa kubonyeza laiki. Mwenye chaneli ndiye anayelipwa mgawo wa matangazo, na mpaka afikie hapo anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Mtego wa mwisho ni salio hasi. Unapewa "oda maalumu" yenye thamani kuliko salio lako, akaunti inaandika kwamba unadaiwa, na pesa yako yote inafungwa mpaka uongeze. Ukiongeza, oda inayofuata ni kubwa zaidi. Kinachomfanya mtu aendelee hapa ni kutaka kuokoa kile alichokwisha kuweka, na aliyeutengeneza mfumo anajua hivyo. Ukiomba kutoa, inakuja kodi: lipa kwanza asilimia 20 ndipo tukuachie. Kodi ya kweli ya zuio hukatwa kwenye malipo yenyewe kabla hujayapokea, na malipo ya Serikali huenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hakuna kodi ya Tanzania inayotumwa kwenye laini ya mtu binafsi wala kwenye pochi ya sarafu za kidijitali.

Roboti, wasimamizi wa akaunti na walimu wa utajiri

Biashara ya fedha za kigeni ipo na ni halisi, na wanaoifanya kwa mtaji mdogo wengi hupoteza. Ulaghai uko kwa anayesema: nipe pesa nikufanyie. Skrini ya faida haithibitishi chochote. Akaunti ya majaribio ya MetaTrader, programu ya kufanyia biashara hiyo, inafunguliwa kwa dakika chache, unachagua mwenyewe iwe na dola elfu kumi au laki moja, na ikipigwa picha inafanana sana na ya kweli. Tarakimu za ukurasa wowote wa wavuti nazo hubadilishwa kwenye kompyuta bila kujua hata kuandika programu. Anayedai ana rekodi, mwombe nenosiri la mwekezaji: MetaTrader inalo, linakuruhusu kutazama historia yote ya akaunti bila uwezo wa kugusa kitu, nawe utaona kama seva ni ya akaunti halisi au ya majaribio. Mwenye rekodi safi hana cha kupoteza akikupa. Kisha muulize leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa sababu kusimamia uwekezaji wa watu kunaihitaji.

Walimu wa kozi ni suala gumu kidogo, maana wapo wazuri. Naamini kabisa kwamba kujifunza kutangaza mtandaoni ni ujuzi wenye soko hapa mjini. Tofauti utaiona kwenye kinachouzwa. Mwalimu wa kweli anakuonyesha mada kabla hujalipa: kuandaa katalogi ya WhatsApp Business, kupiga picha ya bidhaa, kuchagua walengwa wa tangazo, kusoma gharama kwa kila ujumbe ulioingia. Anataja biashara alizozitangaza, na unaweza kuzipigia simu. Mlaghai anaonyesha gari na saa, anakupa bei ya "leo mpaka usiku", na ukishalipa unakuta somo kuu ni namna ya kuwauzia wengine kozi hiyohiyo kwa kamisheni ya nusu bei. Kozi ambayo mapato ya wahitimu wake ni kuiuza kozi yenyewe ni upatu ule wa hesabu za juu, umevikwa shati la mwalimu.

Nusu saa kabla ya kutuma

Hatua ya kwanza haihitaji hata intaneti. Anza kutuma pesa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, na soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kampuni inayojiita ya kimataifa huku jina likitokea la mtu binafsi ni sababu tosha ya kubonyeza kughairi. Wakibadilisha namba ya kupokelea kila baada ya siku chache, wanakimbia kufungiwa laini.

Kisha nenda kwenye ukurasa wao. Facebook ina sehemu ya uwazi wa ukurasa inayoonyesha ulifunguliwa lini, majina uliyowahi kutumia, na mara nyingi nchi walipo wanaousimamia. Instagram ina maelezo ya akaunti yenye tarehe ya kujiunga na idadi ya majina ya zamani. Akaunti yenye wafuasi laki moja iliyokuwa ya mapishi mwaka jana imenunuliwa. Picha ya "mkurugenzi" ipitishe Google Lens. Mara nyingi utamkuta kwenye tovuti ya picha za kuuza au kwenye ukurasa wa daktari wa nchi nyingine. Anwani ya tovuti itafute kwenye huduma ya kuangalia usajili wa majina ya wavuti: ukiambiwa kampuni ina miaka kumi na jina limesajiliwa wiki sita zilizopita, umemaliza.

Watakuletea cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hapa watu wengi sana huangukia. Cheti kinaeleza kwamba jina au kampuni imesajiliwa, basi. Hakimpi mtu ruhusa ya kupokea amana, kukopesha wala kusimamia uwekezaji. Amana na mikopo ni Benki Kuu ya Tanzania, inayoweka orodha ya taasisi zenye leseni kwenye tovuti yake. Mwishoni mwa 2024 ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Namba ya mlipakodi ya TRA nayo ni hivyohivyo: ni ya kulipia kodi, na kila mwenye genge la mboga anaweza kuwa nayo.

Programu unayotumiwa kama faili kwenye WhatsApp, nje ya duka rasmi la programu, usiisakinishe kwenye simu yenye laini yako ya pesa. Ikiomba kusoma ujumbe mfupi na majina ya watu uliowahifadhi, inachoomba ni namba za uthibitisho za benki na orodha ya watakaofuata kutapeliwa au kutishiwa. Wakati upo kwenye simu, fungua mipangilio ya WhatsApp, faragha, makundi, uweke kwamba wanaoweza kukuongeza ni watu uliowahifadhi tu. Makundi mengi ya aina hii yataishia hapo.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukiamini sana na hakifai: "nilijaribu kutoa elfu kumi, ikatoka". Ilitoka kwa sababu ilipangwa itoke. Uwezo wa kutoa kidogo siku za mwanzo haukuambii lolote kuhusu laki tano za mwezi ujao.

Faida ya kawaida inavyoonekana

Nafikiri watu wengi hutapeliwa kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa hesabu halisi ya kuuza mtandaoni, kwa hiyo hawana cha kulinganisha. Tuchukue mfano wa mikoba ya kike. Unanunua Kariakoo kwa 18,000, unauza 32,000, gharama ya mfuko na mengineyo 1,000. Kila mkoba unabaki na 13,000. Unaweka tangazo la 5,000 kwa siku kwa siku kumi, jumla 50,000. Tuseme ujumbe 60 unaingia. Wengi watauliza bei na kunyamaza. Wanane wanaagiza, mmoja anakataa mzigo mlangoni na nauli ya bodaboda ya Sinza kwenda Mbagala na kurudi, 10,000, inakuangukia wewe. Saba wamelipa: 91,000. Toa tangazo na bodaboda, umebaki na 31,000 kwa siku kumi, na umeshajibu ujumbe 60 usiku na mchana.

Kazi inayofuata ni kuziboresha tarakimu hizo moja moja. Andika bei kwenye tangazo, ili wanaouliza bei tu wapungue na hela ya tangazo iende kwa wanaonunua. Omba nauli ya bodaboda mapema kupitia Lipa Namba, ili mzigo usirudi. Pima wanunuzi wangapi wanarudi mara ya pili bila tangazo, maana hapo ndipo faida inapokaa. Ndani ya miezi michache mtu mvumilivu anajua kwa shilingi ngapi anampata mteja mmoja. Fursa inayoshindwa kukuonyesha mnunuzi, bei ya kununulia, gharama ya tangazo na mizigo inayorudi haina biashara ndani yake.

Kama umeshaingia

Acha kuongeza pesa leo, hata kama salio linasomeka milioni na linadai elfu arobaini tu ili lifunguke. Jaribu kutoa kilichopo bila kulipia ada yoyote. Kabla hawajakuondoa kwenye kundi, hifadhi mazungumzo, namba za simu, kumbukumbu za miamala na anwani za pochi. Kama ulituma kwa simu, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja na uombe muamala usitishwe; saa ya kwanza ina maana kubwa, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Muamala wa sarafu za kidijitali kama USDT ukishathibitishwa haurudishwi, na ndiyo sababu wanazipenda.

Namba za matapeli zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, hasa kama ulishawapa picha yake. Badilisha namba ya siri. Nenda kituo cha polisi, fungua jalada upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu mambo haya, na vielelezo ulivyohifadhi ndivyo vitakavyotumika.

Kama uliwaingiza wengine, waambie siku hiyohiyo, kabla hawajaongeza. Ni mazungumzo mazito, hasa kwa mama mkwe au kwa kaka aliyekopa. Lakini kila saa unayonyamaza, link yenye jina lako inaendelea kukusanya, na wewe ndiye uliyeandikwa kuwa umewaleta. Ifute kwenye status na kwenye kila kundi ulikoiweka.

Wiki chache baadaye atakupigia mtu anayejiita wakili, afisa wa benki au mtaalamu wa kurejesha pesa zilizoibwa mtandaoni. Atajua kiasi ulichopoteza na tarehe, kwa sababu orodha yako imeuzwa au anayepiga ndiye aliyekutapeli mwanzo. Ataomba ada ndogo ya kufungulia faili. Mkatie simu, na namba yake nayo itume 15040.